Gitaa Lililonyamaza Likishikwa

Fundi wa simu pale mjini Wote alikuwa ameinamia simu yangu. Risasi ya kuchomelea waya ikayeyuka kwenye ncha ya chuma chake, na moshi mwembamba ukapanda hadi puani mwangu. Nikashika ukingo wa kaunta. Akaniuliza, "Madam, uko sawa?" Nikamwambia niko sawa, ni jua tu. Uongo mtupu. Harufu hiyo hunirudisha nikiwa na miaka kumi, nimesimama sebuleni kwetu karibu na Kathonzweni, nikimsihi mwanamume mwenye kofia asimuue baba yangu mara ya pili.

Mliokua wakati wangu mnazikumbuka sebule zetu. Vitambaa vya kufuma juu ya makochi, kalenda ya mwaka uliopita ambayo hakuna aliyetaka kuitoa kwa sababu picha yake ilikuwa nzuri, na redio iliyosoma matangazo ya vifo kwa Kikamba huku watoto tukikatazwa hata kutafuna kwa sauti. Yetu ilikuwa na kitu kimoja zaidi. Kando ya meza, juu ya kiti ambacho hakuna mgeni aliyeruhusiwa kukikalia, palikuwa na gitaa la umeme la rangi ya damu ya mzee.

Baba alikuwa mpiga gitaa tangu ujana wake. Alizaliwa upande wa Nuu, na huko ndiko alikopiga na bendi iliyochezesha watu kwenye harusi na siku za soko mpaka vumbi likapanda juu ya paa. Kisha akaokoka. Alipookoka aliiacha bendi, na gitaa lake la zamani akalibakiza kwa rafiki yake Mutua, mpiga besi, kwa sababu aliona haifai kuingia na chombo cha dansi katika nyumba ya Bwana. Miaka yote hiyo hakuwa na gitaa, lakini vidole vyake havikuwa vimesikia habari za wokovu. Vilitembea juu ya meza, juu ya usukani wa baiskeli, juu ya mgongo wangu nilipolala kifuani mwake.

Mwaka ambao ndengu zilifanya vizuri, alisafiri akarudi na gitaa jipya, la kupigia kanisani. Lilinukia vanishi na viatu vipya. Mimi nililiona ni zuri kuliko kitu chochote kilichowahi kuingia kwetu, nikangoja afurahi. Alilipakata, akapitisha mkono shingoni mwake, akapiga mara moja, akakunja uso kama mtu aliyeuma jiwe kwenye githeri.

"Hii haijui mtu," alisema.

"Imeharibika?" nikamuuliza.

"Haijaharibika, Mwaitu. Gitaa mpya ni hivyo. Imetengenezewa kila mtu, kwa hivyo haijatengenezewa mtu yeyote."

Aliniita Mwaitu, yaani mama yangu, kwa sababu nilipewa jina la mama yake, Ndunge. Kwetu mtoto aliyepewa jina la nyanyake huitwa hivyo na babake, na huheshimiwa hivyo pia. Nilikuwa nikigombezwa kwa adabu sana. "Mwaitu, tafadhali toka kwa matope." Wenzangu shuleni walinicheka, lakini mimi nilijiona mtu mkubwa.

Basi tukaanza kulifundisha gitaa. Ninasema tukaanza kwa sababu alifanya kazi yote nikiwa magotini pake, jioni kabla ya chakula, mlango ukiwa wazi na kuku wakichungulia. Alinishika kidole akakipitisha ukingoni mwa shingo, nikasikia ncha za vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo zikikwaruza kama meno ya msumeno. Alizisugua kwa tupa, moja baada ya nyingine, mpaka zikalala. Nyuma ya shingo vanishi ilikuwa ikinata mkononi wakati wa joto, na kwetu joto haliombwi. Akaipiga msasa polepole mpaka mti ukabaki laini na mkavu kama mpini wa jembe lililolimiwa miaka mingi. Kila siku kitu kilekile kilikuwa kingine. Nilifunga macho nikalishika, nikamwambia limekuwa jembamba. Alicheka. "Haijapungua hata kidogo. Ni vile sasa haikukatazi."

Kisha akaja kwenye nyuzi. Kila uzi wa gitaa lile ulikuwa na kidaraja chake kidogo cha chuma kule chini unakofungwa, na kila kidaraja kilikuwa na skurubu ndogo mno, za kuzungushwa kwa kifunguo kilichopinda kama herufi L. Ukizungusha, uzi unashuka ukakaribia shingo, na kidole hakihitaji tena nguvu nyingi kuubonyeza. Alianza na uzi mwembamba kuliko wote. Alishusha kidogo, akaniambia nibonyeze, akaniuliza kama inauma. Nikisema inauma, anashusha tena. Nilidhani ananipa kazi ya kuchezea ili nisimsumbue, jinsi mama alivyonipa kipande cha unga nisukume chapati yangu ndogo.

Alimaliza nyuzi tatu nyembamba. Zile tatu nene zilibaki juu, zilivyotoka dukani, ngumu kama seng'enge.

Siku hizo macho yake yalikuwa yamegeuka manjano. Ulikuwa msimu wa maembe, na kila mtu Makueni alikuwa akila maembe mpaka mashati yakachafuka. Nikaona basi baba amekula mengi kupita kiasi, yamempanda machoni. Nilimcheka nikamwambia akome ulafi. Alinijibu, "Nimesikia, Mwaitu, nitaacha." Asubuhi alipopelekwa hospitali aliliweka gitaa kitini, waya wake ukiwa bado umechomekwa kwenye amplifaya, lile sanduku la kukuzia sauti. Akanigusa kichwani.

"Hizo zingine tutamalizia nikirudi."

Ahadi ni deni, ndivyo tulivyofundishwa, na baba hakuwa mtu wa kuvunja ahadi hata ya peremende. Hata walipomrudisha ndani ya sanduku, hata tulipomzika nyuma ya nyumba na udongo mwekundu ukanijaa viatuni, mimi nilikuwa nikiwatazama watu wazima kwa huruma. Nilijua kitu wasichokijua. Kazi haikuwa imeisha. Mtu hawezi kuondoka kabisa na nyuzi tatu zimebaki.

Amplifaya ilitumia ekstensheni moja na redio pamoja na taa. Baba ndiye aliyeiwasha mara ya mwisho, na baada ya mazishi hakuna aliyethubutu kuizima swichi yake. Kwa hiyo kila umeme uliporudi, au mama alipowasha ekstensheni, iliamka. Na hapo ndipo tulipolisikia. Gitaa lilikuwa likilia. Hakuna aliyeligusa, liko peke yake kitini, na kutoka kwenye spika inakuja sauti nzito isiyokatika, mmmmm, sauti ya mtu aliyefunga mdomo akizuia maumivu. Baba alipokuwa hai hatukuwahi kuisikia, kwa maana mkono wake haukuondoka kwenye nyuzi.

Mara ya kwanza nililikimbilia kama mtu anavyomkimbilia mtoto aliyeanguka. Nikaweka kiganja juu ya nyuzi. Likanyamaza hapo hapo. Nikaondoa mkono, likaanza tena. Nikarudisha, kimya.

Sikuogopa. Ningependa niseme niliogopa, ingeeleweka zaidi. Nilifurahi mpaka nikahisi haja ndogo. Baba alikuwa mle ndani, alikuwa akiumia, na mkono wangu ulikuwa ukimtuliza. Nikitoka shule nilikuwa nikitupa mfuko mlangoni na kwenda kukaa pale, kiganja juu ya nyuzi, nikimsimulia nani kapigwa na mwalimu na nani kala chaki. Mama alikaa upande wa pili akichagua mawe kwenye ndengu. Nyakati nyingine alikuwa akiniambia, "Toa mkono kidogo, Ndunge." Lilipolia aliacha kuchagua, akasikiliza, kisha akasema, "Haya, mshike." Alisema mshike, hakusema lishike. Umeme ulipopotea tuliketi wawili bila neno, na kimya hicho kilikuwa kibaya kuliko msiba wenyewe.

Siri ya nyumba haina mlango. Jirani aliyekuja kuomba kiberiti alilisikia, akaliona kitini bila mtu, akaondoka bila kiberiti. Kufikia Jumapili kanisa zima lilijua kwamba kwetu kuna iimu, pepo la mtu aliyekufa, na kwamba lilimfuata marehemu kutoka kwenye dansi za Nuu. Baada ya ibada, Pasta akaja na akina mama wa maombi. Mama aliwapikia chai kwa sababu hata anayekuja kukufukuzia mume ni mgeni.

Pasta alikuwa mtu mwema. Alimzika baba kwa machozi ya kweli, na sina neno baya juu yake. Alivua koti, akakunja mikono ya shati, akaanza kukemea. "Wewe pepo ya dansi! Katika jina la Yesu, toka kwa hii gitaa!" Gitaa likaendelea, mmmmm. Akina mama wakapandisha sauti. Pasta akasogea, akafumba macho, akaliwekea mkono kama anavyowekewa mgonjwa, na kiganja chake kikatua juu ya nyuzi.

Kimya.

"Bwana asifiwe!" wakapaza sauti. Mmoja akaanza wimbo. Pasta akainua mkono kumshukuru Mungu, na gitaa likaanza tena. Akaurudisha haraka. Kimya. Akainua kidole kimoja kimoja, kwa ujanja, kama mtu anayemwacha mtoto aliyelala. Cha mwisho kilipotoka, mmmmm. Jasho lilikuwa likimtiririka. Nafikiri hakujua afanye nini, maana akiacha ameshindwa, na asipoacha atalala hapo. Alibaki ameinama, mkono juu ya gitaa, akitutazama.

Mama akacheka. Lilikuwa cheko lake la kwanza tangu mazishi, likatoka kubwa, la tumboni, akajifunika uso kwa leso, na kabla hajamaliza kucheka alikuwa akilia. Akina mama wakamshika.

Mimi sikucheka. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya redio, nikiwa nimeibiwa. Kumbe hakuujua mkono wangu. Kumbe alinyamaza kwa yeyote. Nilikuwa nimekaa naye mchana baada ya mchana nikiamini kwamba ananisikia mimi, na hapa alikuwa akinyamaza chini ya kiganja cha Pasta kwa utulivu uleule.

"Mama Ndunge," Pasta alisema akivaa koti, "hii kitu ingekuwa ni yangu, ningeichoma."

"Si yako, Pasta," mama akajibu. "Kunywa chai."

Lakini maneno hayo yalimwingia mama. Kesho yake alipiga simu Nuu, na kabla ya juma kuisha, saa ya chakula cha mchana, Mutua akatokea langoni mwetu na kofia yenye unyoya, akinukia manukato mpaka mbwa akapiga chafya. Huyu ndiye mpiga besi aliyebaki na gitaa la zamani. Alikuwa mtu wa majivuno. Kabla hajamaliza ugali alikuwa ametuambia ni bendi ngapi zimemlilia, na kwamba yeye mkono wake umekatiwa bima, jambo ambalo hata mimi sikuliamini. Lakini alipoliona gitaa kitini alivua kofia.

Alilisikiliza. Akaligusa, likanyamaza. Akatoa mkono, likalia. Tofauti na Pasta, hakushangaa.

"Ni waya ya earth," alisema. "Ile ya kupeleka stima kwa mchanga. Wameichoma vibaya huko walitengeneza, imeshikilia kidogo tu. Ukishika string, mwili yako ndio inakuwa njia, kelele inapitia kwako inaenda chini. Ndio inanyamaza."

Alitoa mkobani chuma cha kuchomelea na kipande cha risasi. Akakichomeka chuma chake kwenye ekstensheni yetu. Nilielewa kila neno alilosema, na nilielewa kwamba baada ya hapo hakutakuwa na kulia. Nikajitupa juu ya gitaa.

"Usimchome! Uncle, tafadhali usimchome! Baba yuko ndani!"

"Mtoto, hiyo si baba yako. Ni stima."

"Alisema atarudi kumaliza!"

Mutua akamtazama mama. Mama alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni na mwiko mkononi. Najua sasa kwamba aliombwa kitu ambacho hakuna mjane anayepaswa kuombwa, naye pia alikuwa ameishi na ile sauti. Aliuweka mwiko chini. Kisha akaja akanibandua vidole, taratibu, akanipakata ingawa nilikuwa mkubwa mno kupakatwa.

"Choma," akasema.

Moshi ule. Ulipanda mwembamba, mtamu kidogo, wa kukera koo. Mutua alikirudisha kifuniko cha mgongoni mwa gitaa, akaliweka kitini, akaondoa mikono yote miwili. Tulisikiliza. Nilisikia kuku, nikasikia mtu akipasua kuni mbali, nikasikia moyo wa mama mgongoni mwangu. Gitaa halikusema lolote. Nililia jinsi ambavyo sikulia siku ya kaburi, kwa maana siku ile sikuwa nimeamini.

Mutua, kwa kuwa hakujua la kufanya na mtoto anayelia, alilipakata gitaa akaanza kupiga. Alipiga kidogo akasimama. Akapiga tena, akainua shingo ya gitaa mbele ya jicho lake moja, kama mtu anayetazama kama ubao umenyooka.

"Nani ameshusha hizi tatu?"

"Babake," mama akajibu.

"Haiwezekani."

"Mimi mwenyewe nilimwona."

"Mama Ndunge, mimi nimepiga na huyo mtu tangu tukiwa vijana. Alikuwa anapiga ni kama anang'oa muhogo. String zake zilikuwa juu mpaka mimi sikuweza kushika gitaa yake. Akipiga hizi na ule mkono, zinagonga vyuma, zinalia kama nzi kwa chupa." Akazipiga kwa nguvu, na kweli zikavuma vibaya. "Hii haikuwa ya yeye. Hii imeshushwa ya mkono mdogo."

Akautazama mkono wangu, uliokuwa umeshika leso ya mama.

Mama akaufunika mkono wangu kwa wake, na hapo ndipo nilipoelewa. Nikageuka nikamtazama. "Alijua?"

"Alijua, Ndunge," mama akasema. "Daktari alikuwa amemwambia hatapona, kabla ya ndengu kuvunwa. Gitaa ilikuwa ni yako. Pasta nilimwambia ni ya kanisa, ndio asiulize."

Watu hufikiri kwamba mtoto akiambiwa hivyo anajaa upendo. Mimi nilijaa hasira. Alijua, na akaniacha nimcheke kwa ulafi wa maembe. Alijua, na akaniambia tutamalizia nikirudi, na mimi nikangoja. Kila jioni ile alipokuwa akiniuliza kama inauma, alikuwa akiniaga, na mimi nilikuwa nikitazama kuku. Hasira hiyo haijaisha. Imezeeka tu.

Mutua alitoa kifunguo chake. "Njoo tumalize," akasema, na safari hii hakuwa na majivuno yoyote. Nikakaa. Akazungusha, nikabonyeza uzi mnene wa kwanza. "Inauma?" Nikasema inauma. Akashusha. Nikabonyeza tena, na haikuuma, lakini nikasema inauma. Akashusha. Nilitaka swali liendelee kuulizwa. Nilijua nikisema basi, kazi itakuwa imeisha, na hakutakuwa na sababu ya mtu yeyote kurudi. Nafikiri Mutua alitambua, kwa sababu aliendelea kushusha kupita akili ya fundi yeyote, uzi wa nne, wa tano, wa sita, akiniuliza kwa sauti ileile ya upole, mpaka nyuzi zikakaribia kulala juu ya vyuma na mimi nikachoka kudanganya.

Gitaa hilo ndilo ninalopiga kanisani hadi leo. Vijana wa bendi yetu huniambia nilipeleke kwa fundi aviinue vidaraja, kwa kuwa nyuzi ziko chini mno kwa mtu mzima. Wanasema kweli. Nikikaza mkono kidogo tu zinavuma, kwa hiyo nimejifunza kugusa kama mtoto, kwa ncha za vidole, na wageni husifu wakisema yule dada anapiga kwa upole. Mama, ambaye sasa hukaa kiti cha mbele kwa sababu ya masikio, alinishika kiganja Jumapili iliyopita akakigeuza huku na huku. "Hii mkono ni ya babako," akasema. Ni kweli. Ni mpana, ni mzito, una nguvu ya kung'oa muhogo. Sijawahi kupiga kwa nguvu hiyo hata mara moja.